Tokelau: Nchi Ndogo, Bahari Kubwa



Mazungumzo ya leo baada ya taarifa ya habari yanahusu uchumi wa Tokelau, nchi iliyo katikati ya Bahari ya Pasifiki ambayo huenda wengi hawajapata kuisikia ikitajwa. Nchi hiyo haina jeshi. Haina uwanja wa ndege, haina bandari, wala haina mji mkuu. Wakazi wake, kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2016, walikuwa watu 1,499 tu, idadi ambayo katika nchi nyingi haitoshi hata kuwa kata. Hata hivyo Tokelau inayo mali ambayo meli za mataifa makubwa husafiri maelfu ya kilomita kuifuata. Nani ailinde mali hiyo, na kwa faida ya nani, ndilo swali ambalo limewashughulisha wazee wa visiwa hivyo kwa miaka mingi, na ndilo linalostahili kusikilizwa na kila mtu ambaye kazi yake ni ulinzi.

Tokelau ni visiwa vitatu vya matumbawe: Atafu, Nukunonu na Fakaofo. Kila kimoja ni mfano wa pete nyembamba ya mchanga na matumbawe iliyozunguka ziwa la maji ya chumvi. Ukijumlisha nchi kavu yote ya visiwa hivyo vitatu hupati zaidi ya kilomita 12 za mraba, na mahali pengi ardhi haiinuki zaidi ya mita tatu hadi tano juu ya usawa wa bahari. Kutoka Atafu hadi Nukunonu ni kilomita 92 za maji matupu. Kutoka Nukunonu hadi Fakaofo ni kilomita 64. Jirani wa karibu mwenye bandari ni Samoa, iliyoko upande wa kusini, umbali wa kilomita zipatazo 500. Jina lenyewe Tokelau, katika lugha ya wenyeji, maana yake ni upepo wa kaskazini; mtu wa pwani ya Afrika Mashariki angesema ni nchi ya kaskazi.

Anayetaka kwenda huko hupanda meli katika bandari ya Apia na kukaa baharini kwa muda wa siku nzima na zaidi. Mwaka 2016 ilianza kazi meli mpya iitwayo Mataliki, iliyogharimiwa na New Zealand. Meli ikiwasili haitii nanga gatini, kwa kuwa gati la meli kubwa halipo. Hubaki nje ya mwamba, na abiria, magunia ya mchele na unga, mapipa ya mafuta, dawa na barua hushushwa katika tishari na kuvushwa juu ya mawimbi kupitia mlango mwembamba uliochimbwa katika matumbawe. Bahari ikichafuka, kazi husimama. Kwa hiyo bei ya kila kitu dukani imebeba ndani yake gharama ya safari hiyo, na mgonjwa mahututi hana njia nyingine ya kawaida isipokuwa ile ile ya mizigo. Yeyote aliyewahi kusimamia ugavi wa kikosi kilichoko mbali na barabara ataelewa mara moja kwamba mkuu wa uchumi wa Tokelau, kabla ya waziri yeyote wa fedha, ni nahodha wa meli.

Ardhi yenyewe hutoa kidogo. Udongo ni mchanga wa matumbawe usioshika maji. Mito hakuna, maji ya kunywa ni ya mvua, yanayokusanywa kutoka juu ya mapaa. Minazi hustawi, na pamoja nayo mikadi, mishelisheli na majimbi kiasi. Nguruwe na kuku hufugwa. Kwa muda mrefu zao pekee la kuuza nje lilikuwa mbata. Wanaojua biashara ya mbata katika pwani ya Afrika Mashariki wanajua ilivyo: kazi nyingi, jua kali, na bei inayopangwa na watu wasioupanda mnazi. Bei hiyo ilipoporomoka katika soko la dunia, na vimbunga vilipong'oa minazi ambayo hungoja miaka mingi kabla ya kuzaa tena, biashara hiyo ilififia. Kimbunga cha mwaka 1966 kilifuatwa na mpango wa serikali ya New Zealand wa kuwahamisha watu kwenda kuishi huko; kimbunga Ofa cha mwaka 1990 na kimbunga Percy cha mwaka 2005 vilileta hasara nyingine kubwa. Baada ya mbata, yalibaki mapato madogo madogo: stempu za posta na sarafu za ukumbusho zinazonunuliwa na wakusanyaji wa ng'ambo, na kazi za mikono, hasa mikeka na kofia za ukindu.

Haitakuwa haki kuieleza hali hiyo kana kwamba ni kazi ya maumbile peke yake. Mwaka 1863 meli za wafanyabiashara wa watu kutoka Peru zilifika katika visiwa hivyo na kuwachukua karibu nusu ya wakazi, wengi wao wanaume wenye nguvu. Wasikilizaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa maana ya tendo kama hilo kwa jamii inayoishi kwa ngalawa na kwa mikono. Mwaka 1889 Uingereza iliviweka visiwa hivyo chini ya himaya yake, baadaye ikaviunganisha na koloni la Gilbert na Ellice, kisha mnamo Februari 1926 ikaikabidhi New Zealand kazi ya kuvitawala. Sheria iliyotungwa mwaka 1948 ikaifanya Tokelau kuwa sehemu ya New Zealand, na wenyeji wakawa raia wa nchi hiyo.

Kisha kipo kisa cha kisiwa cha nne. Wazee wa Tokelau husema kwamba Olohega, kisiwa ambacho ramani nyingi hukiita Swains, ni chao tangu zama za mababu. Lakini tangu mwaka 1856 kilikuwa mikononi mwa ukoo wa Mmarekani mmoja aliyefanya huko shamba la minazi, na baadaye Marekani ikakiunganisha na Samoa yake. Tarehe 2 Desemba 1980, katika kisiwa cha Atafu, New Zealand na Marekani zilitia saini mkataba uitwao Tokehega. Kwa mkataba huo Marekani iliyaacha madai yake ya karatasi juu ya Atafu, Nukunonu na Fakaofo, visiwa ambavyo haikuwahi kuvitawala. Na Tokelau ikakiacha Olohega. Maneno ya kisheria yalikuwa mazuri, na mpaka wa bahari ukachorwa vizuri kati ya pande mbili. Lakini mizani ya mkataba huo inajieleza yenyewe: upande mmoja ulitoa dai, upande wa pili ulitoa kisiwa.

Pamoja na hayo yote, njaa si sifa ya Tokelau, na sababu yake ni desturi iitwayo inati. Wavuvi wa kijiji wanaporudi na samaki wengi, samaki hao si mali ya mwenye ngalawa wala ya mwenye chombo chenye mashine. Hupangwa pwani mafungu mafungu, na waliokabidhiwa kazi hiyo huyagawa kwa kila jamaa kwa kadiri ya watu wake. Mjane hupata. Mzee asiyeweza tena kushika kasia hupata. Mtoto hutumwa na kapu lake, jina la jamaa yake likiitwa naye huchukua fungu na kwenda. Ugawaji hufuata hesabu ya watu, na hesabu hiyo wanaijua wote, kwa hiyo ni vigumu mtu kudanganya.

Juu ya desturi hiyo ndipo utawala umejengwa. Kila kisiwa kina baraza la wazee liitwalo Taupulega, ambalo ndilo lenye kauli ya mwisho juu ya mambo ya kijiji. Wanaume wenye nguvu wana kundi lao la kazi, nao akina mama wana jumuiya yao. Mambo ya visiwa vyote vitatu hujadiliwa katika Baraza Kuu, na cheo cha kiongozi wa nchi, aitwaye Ulu, kwa desturi huzunguka kutoka kisiwa hadi kisiwa. Vitabu vya takwimu vinavyochapishwa katika mataifa makubwa vimezoea kuiweka Tokelau mkiani kabisa mwa orodha ya mapato ya nchi za dunia. Vitabu hivyo huhesabu kilichopita dukani na benki. Fungu la samaki lililobebwa na mtoto katika kapu halimo.

Lakini inati haiwezi kununua mafuta ya dizeli, wala kumlipa daktari, wala kulipia nauli ya meli. Kwa mambo hayo inahitajika fedha, na fedha ya Tokelau ni dola ya New Zealand kwa maana zote mbili: ndiyo inayotumika madukani, na ndiyo inayotolewa na serikali ya New Zealand kila mwaka kujaza sehemu kubwa ya bajeti. Wengi wa wanaopata mshahara ni watumishi wa umma: walimu, wauguzi, makarani, mafundi, na wafanyakazi wa kijiji walioajiriwa na wazee. Upo pia Mfuko wa Amana, uliochangiwa na New Zealand na marafiki wengine, ambao shabaha yake ni kuiwekea nchi akiba ya siku za usoni. Na ipo fedha inayotumwa na jamaa walioko ng'ambo. Sensa ya New Zealand ya mwaka 2018 iliwahesabu watu 8,676 wenye asili ya Tokelau, yaani zaidi ya mara tano ya wale walioko nyumbani. Nchi ambayo watoto wake wengi namna hiyo wako nje hupata barua na bahasha, lakini hupungukiwa na mikono ya kusukuma ngalawa.

Katika mwaka 2012 Tokelau ilipiga hatua moja iliyosifiwa duniani kote. Hadi wakati huo umeme wote ulitokana na jenereta za dizeli, na mapipa ya mafuta yalikuwa yakivushwa mwambani moja moja. Mwaka huo zilifungwa paneli 4,032 za umeme wa jua pamoja na betri 1,344 katika visiwa vyote vitatu, na umeme wa jua ukaweza kutosheleza karibu mahitaji yote ya wakati ule. Fedha iliyokuwa ikiteketea katika moshi ikapata kazi nyingine.

Sasa yafaa kuingia katika kiini cha mazungumzo haya, nacho ni bahari.

Kwa sheria iliyotungwa mwaka 1977, na baadaye kwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, nchi yenye pwani inayo haki juu ya samaki na mali nyingine ndani ya maili 200 za baharini, yaani kilomita zipatazo 370. Kwa Tokelau, visiwa vitatu vyenye kilomita 12 za mraba za nchi kavu vinaleta eneo la bahari linalokaribia kilomita 319,000 za mraba. Ili kupata picha ya ukubwa huo, Ziwa Viktoria lote, pamoja na sehemu zake za Uganda, Kenya na Tanzania, lina kilomita za mraba zipatazo 68,800. Bahari ya Tokelau ni zaidi ya mara nne ya ziwa hilo. Ni kubwa pia kuliko eneo zima la Uganda, nchi kavu na maji yake pamoja. Na wenye kulimiliki ni watu 1,500.

Ndani ya bahari hiyo wamo jodari na sehewa, samaki wanaosafiri makundi kwa makundi bila kujali ramani. Wanaowataka ni wenye meli kubwa za Japani, Korea ya Kusini, Taiwan, China, Marekani na wengineo. Meli moja ya nyavu za kuzungushia hulizingira kundi zima la samaki, ikalifunga kwa chini kama mtu anavyofunga mdomo wa mfuko, na kulipakia katika majokofu yake. Kinachovuliwa na meli moja ya namna hiyo katika safari moja hakiwezi kuvuliwa na ngalawa zote za Fakaofo kwa miaka.

Hapo zamani wenye meli hizo walivua watakavyo. Marekani ilishikilia kwamba jodari, kwa kuwa anasafiri, hana mwenyewe mpaka avuliwe, na kwamba nchi yenye pwani haina mamlaka juu yake. Msimamo huo ulipata jibu mwaka 1984, pale Visiwa vya Solomon, nchi changa iliyopata uhuru mwaka 1978, ilipoikamata meli ya Kimarekani iitwayo Jeanette Diana ikivua bila ruhusa katika maji yake. Serikali ya Washington ilijibu kwa kuzuia samaki wa Solomon wasiingie katika soko lake. Dola kubwa ilikuwa imeghadhibika kwa sababu polisi wa nchi ndogo walitekeleza sheria ya nchi yao. Lakini tendo lile liliwaamsha wote. Mwaka 1985 Kiribati ikaingia mapatano ya uvuvi na Urusi ya Kisovieti, na ghafla Marekani ikagundua kwamba visiwa vile vilikuwa na umuhimu. Mwaka 1987, huko Port Moresby, Marekani ikatia saini mkataba wa kuyalipia maji iliyokuwa ikiyavua bure. New Zealand ilikuwa miongoni mwa waliotia saini. Yasingekuwa makamanda wachache wa chombo kidogo cha doria waliothubutu kuipandia meli kubwa, mkataba huo ungechelewa sana.

Njia iliyofuata ilikuwa ya umoja. Tangu mwaka 1979 nchi za visiwa zilikuwa na shirika lao la uvuvi lenye makao yake Honiara, na Tokelau ni mwanachama. Mwaka 1982 nchi zenye jodari wengi zilifanya Mapatano ya Nauru, na leo nchi hizo ni nane. Kuanzia mwisho wa mwaka 2007 zilianzisha utaratibu wa kuuza siku za uvuvi: jumla ya siku ambazo meli zinaruhusiwa kuvua katika mwaka huwekewa kikomo, kila nchi hupewa fungu lake, na mwenye meli hununua siku kutoka kwa mwenye maji. Tokelau si mwanachama wa Mapatano hayo, ila inashiriki katika utaratibu huo. Bei ya chini ya siku moja ilikuwa dola 5,000 za Marekani mwaka 2012. Ilipofika mwaka 2015 ikawa dola 8,000. Mapato ya washiriki wote kwa jumla yaliongezeka kutoka dola milioni 60 mwaka 2010 hadi zipatazo milioni 500 mwishoni mwa mwongo huo. Kwa Tokelau, leseni za uvuvi zimekuwa chanzo kikubwa kuliko vyote vya mapato yasiyo ya msaada. Anayetazama kwa makini ataona kwamba wenye visiwa waliufanyia ulimwengu kile wanachofanya pwani kila jioni: waliwahesabu samaki, wakapanga mafungu, wakakataa mwenye nguvu kujichukulia.

Lakini siku ya uvuvi ina thamani pale tu mwizi anapojua kwamba ataonekana. Wizi wa baharini una njia nyingi. Iko meli isiyo na leseni kabisa, lakini hiyo si ya kuogopwa zaidi. Inayosumbua ni ile yenye leseni inayoandika samaki pungufu katika daftari, au inayohamishia shehena katika meli nyingine usiku, au inayozima chombo cha kuitambulisha kwa setilaiti kisha kudai kwamba kimeharibika. Dhidi ya hayo pamewekwa mtandao wa ulinzi. Kila meli yenye leseni hutakiwa kubeba chombo kinachotoa ishara ya mahali ilipo. Tangu mwaka 2010 kanuni ya nchi za Mapatano ya Nauru inataka awepo mkaguzi katika kila meli ya nyavu za kuzungushia. Kituo cha Honiara hukusanya habari zote katika ramani moja, na kila mwaka hufanyika operesheni za pamoja ambamo ndege na manowari za Australia, New Zealand, Ufaransa na Marekani hushirikiana na boti za doria za nchi za visiwa.

Tokelau yenyewe haina boti ya doria wala ndege. Ulinzi wake ni wajibu wa New Zealand. Kwa miaka mingi ndege zilizopita juu ya bahari hiyo zilikuwa aina ya Orion za jeshi la anga la New Zealand, hadi zilipostaafishwa Januari 2023 na kazi kurithiwa na aina ya Poseidon. Kilomita 319,000 za mraba hazilindwi na ndege inayopita mara moja moja. Hulindwa na karatasi, setilaiti, mkaguzi na ndege vikifanya kazi pamoja, na vilevile na mvuvi wa kijijini anayeona taa za meli usiku akaripoti. Askari anajua kwamba lindo lililokodishwa ni lindo bado, lakini ratiba yake hupangwa na mwenye silaha.

Tokelau imeshaonja pia hasara ya mali isiyolindwa. Katika mpangilio wa intaneti kila nchi ina herufi zake mbili mwishoni mwa anwani za tovuti, na za Tokelau ni tk. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mfanyabiashara mmoja wa Uholanzi aliingia mkataba wa kuziendesha anwani hizo. Zilitolewa bure kwa yeyote duniani, na faida ikatoka katika matangazo na katika zile anwani chache zilizouzwa. Visiwa vikapata sehemu ya mapato na msaada wa mawasiliano, na katika muda wa miaka michache nchi ya watu 1,500 ikawa na anwani zaidi ya milioni 20, nyingi kuliko za nchi yoyote nyingine wakati huo. Lakini kitu cha bure huwavutia pia matapeli. Anwani za tk zilitumiwa kwa wingi kuiba nywila na fedha za watu, nao wenyeji wa Atafu wakalaumiwa kwa makosa yaliyofanywa na watu wasiojua Atafu iko wapi. Mwaka 2023 kampuni ya Meta iliishtaki kampuni iliyoendesha anwani hizo, utoaji wa anwani mpya ukasimamishwa, na mwaka uliofuata kampuni hiyo ikatangaza kuacha biashara hiyo. Polisi wanaopeleleza wizi wa mitandao katika nchi yoyote huenda wamekwisha kukutana na herufi hizo mbili bila kujua zilikotoka.

Kutokana na hayo yote, lilipokuja swali la kujitawala, halikuwa swali la bendera peke yake.

Tokelau imo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zisizojitawala tangu mwaka 1946. Kamati ya Ukombozi ya Umoja huo, ambayo katika miaka ya 1970 iliongozwa na Mtanzania, Ndugu Salim Ahmed Salim, ilikuwa na kazi kubwa mbele yake: Msumbiji, Angola, Zimbabwe, Namibia. Tokelau ilikuwa kazi ya namna nyingine, kwani hapakuwa na walowezi wa kufukuzwa wala mtawala aliyeng'ang'ania. New Zealand ilikuwa tayari kuondoka. Wenyeji ndio waliosema wasiharakishwe. Madaraka yakahamishwa kidogo kidogo, na mwaka 1996 Baraza Kuu likapewa uwezo wa kutunga sheria.

Hatimaye Februari 2006 ikapigwa kura ya maoni chini ya usimamizi wa Umoja wa Mataifa. Swali lilikuwa kama Tokelau ijitawale kwa ushirika huru na New Zealand, jinsi Visiwa vya Cook vilivyofanya mwaka 1965 na Niue mwaka 1974. Sanduku la kura lilisafiri kwa meli kutoka kisiwa hadi kisiwa. Baraza Kuu lilikuwa limekubali kwamba jambo zito kama hilo lipite kwa theluthi mbili. Waliosema ndiyo walikuwa 349 na waliosema hapana 232, yaani asilimia 60. Haikutosha. Oktoba 2007 ikapigwa tena: waliosema ndiyo walikuwa 446 kati ya 692. Zilihitajika kura 462. Pengo lilikuwa kura 16.

Kura 16 ni jamaa mbili au tatu za kijiji kimoja. Magazeti ya nje yaliandika kwa mzaha kwamba wamepatikana watu wanaopenda kutawaliwa. Uamuzi huo haukuwa wa haki. Katika kura zote mbili wengi walitaka kujitawala. Kilichowazuia ni kikomo walichojiwekea wenyewe, kwa kuwa hawakutaka kijiji kigawanyike nusu kwa nusu kisha nusu moja iiburute nyingine. Na waliosema hapana walikuwa na hesabu zao. Nani atalipa meli? Mgonjwa atapokewa wapi? Pasipoti ya mtoto anayesoma Wellington itakuwaje? Ndege itaendelea kupita juu ya bahari? New Zealand ilikuwa imeahidi kwa maandishi kwamba msaada na uraia vingebaki. Lakini watu ambao mababu zao walichukuliwa na meli, na kisiwa chao cha nne kikaenda kwa saini, hawawezi kulaumiwa wakiitazama karatasi mara mbili.

Ikumbukwe pia kwamba mwaka ule wa 2007 utaratibu wa kuuza siku za uvuvi ulikuwa ndiyo kwanza unaanza. Waliopiga kura walikuwa wakiipima nchi yenye mbata, stempu na msaada. Nchi yenye siku za uvuvi za dola 8,000 ilikuwa haijaonekana.

Mizani hiyo haijatulia. Wataalamu wa samaki wanatabiri kwamba bahari inapozidi kupata joto, makundi ya jodari yatasogea kuelekea mashariki na kutoka katika maji ya nchi nyingi za visiwa kwenda katika bahari kuu, ambako hakuna anayeuza siku. Tokelau imo katika hesabu hiyo. Kuhusu ardhi yenyewe, mnamo Agosti 2021 viongozi wa Jukwaa la Visiwa vya Pasifiki, ambalo Tokelau ni mwanachama mshiriki wake, walitangaza kwamba mipaka ya bahari iliyokwisha kuandikishwa haitapunguzwa hata kama maji yatapanda na kuila pwani ambayo mipaka hiyo ilipimwa kutoka kwayo. Tamko hilo linataka ramani ibaki kama ilivyo na leseni ziendelee kutolewa ndani yake. Halikusema chochote juu ya wapi wataishi wenye kuzitoa.